Kotimiri Ndani ya Kopo la Chumvi

Mama Kipimo haonji. Hilo ndilo jambo la kwanza aliloambiwa mgeni yeyote aliyeingia jikoni kwenye kantini ya kiwanda cha nguo, hata kabla hajaonyeshwa mahali pa kutundika koti lake. Wapishi wengine huchota kwa upawa, wakapuliza, wakaonja, wakakunja uso, wakaongeza hiki na kupunguza kile. Yeye hapana. Alisimama mbele ya sufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani yake, akapeleka mkono kwenye kopo la chumvi bila kutazama, akarusha. Mara ya kwanza juu ya vitunguu vikiwa ndio kwanza vimeingia kwenye mafuta, ili vilainike upesi. Mara ya pili nyanya zikishavunjika. Mara ya tatu moto ukishapunguzwa. Basi. Wafanyakazi walikuja adhuhuri na sahani zao, wakala, wakarudi kwenye mashine. Hakuna aliyesema imezidi, hakuna aliyesema imepungua. Ndipo wakambandika jina la Mama Kipimo, yeye ambaye hakuwahi kumiliki mzani wala kikombe cha kupimia.

"Anayeonja," alipenda kusema huku akipangusa mikono kwenye aproni, "hana imani na mkono wake."

Imani hiyo hakuiokota njiani. Aliingia pale akiwa msichana mwembamba wa kuosha masufuria, mikono imejaa masizi hadi kwenye viwiko. Akapandishwa akawa wa kumenya, kisha wa kukata, kisha wa kusimamia wali. Mpishi mkuu wa wakati huo, mwanamke mnene mwenye miguu mibovu, alipokaribia kustaafu alimwita pembeni, akamwambia afumbe macho na kukunjua kiganja. Akamtilia chumvi kidogo kidogo. "Ikijaa mstari huu wa kiganja, imetosha meza moja. Ikifika huu wa pili, meza mbili. Usiisikilize kwa ulimi, isikilize kwa ngozi." Siku nyingi walifanya hivyo mpaka mkono ukajua kazi yake kama mguu unavyojua ngazi za nyumbani.

Tunawajengea watu sanamu kwa maneno waliyoyasema jukwaani. Tunazipa barabara majina ya watu ambao hawakuwahi kumenya kiazi hata kimoja. Mwanamke huyu aliwasimamisha wafanyakazi wima mchana kwa mchana, kizazi kimoja kikastaafu na kingine kikaingia, na jikoni pale hakuwa na hata kiti cha kukalia. Alikaa kwenye debe lililopinduliwa. Hakulalamika. Alisema debe linamfaa kwa sababu halimruhusu mtu kusinzia.

Mumewe alikuwa kinyozi. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mabati, kimebanwa kati ya ukuta wa ghala na fundi baiskeli. Ndani kulikuwa na kiti kimoja cha kunyolea, benchi la kusubiria, kioo chenye ufa kwenye kona, jiko dogo la mafuta ya taa la kuchemshia maji, na maneno. Maneno ndiyo yaliyojaza chumba. Watu walikuja kunyolewa nywele wakaondoka na habari za mji mzima. Wembe wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba wateja wengine walisinzia ukiwa shingoni mwao. Mkewe alikuwa na mkono, naye alikuwa na mkono, na nyumba yao ilisimama juu ya mikono hiyo miwili.

Kisha asubuhi moja mkono mmoja ukaanguka.

Alikuwa akimnyoa fundi mwashi, mteja wake wa tangu ujana, huku akimsimulia habari ya mbuzi aliyeingia benki. Katikati ya kisa ulimi ukamteleza. Mwashi alidhani ni utani, akacheka. Akasikia wembe umelia sakafuni. Alipogeuka alimwona Kinyozi ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, anautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine, na mdomo umevutwa upande mmoja. Mwashi, povu likiwa bado limemjaa shavuni, alimbeba mgongoni hadi zahanati.

Mungu akasaidia. Mdomo ulirudi mahali pake, na maneno nayo yakarudi. Yalikuwa mengi mno kupotea yote kwa pamoja. Lakini vidole vya mkono wa kulia vilibaki vizito, na vikiinuliwa vilitetemeka.

Muuguzi wa zahanati alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, aina ya sauti inayomfanya mtu asogee karibu ili asikie. Aliwakalisha wote wawili.

"Mzee, hiki kilikuwa kiharusi kidogo. Kimebisha hodi tu. Presha yako ikibaki hapa ilipo, kitarudi, na safari hiyo hakitabisha hodi. Vidonge utameza kila siku, hata siku unayojisikia kama kijana. Na chumvi tuipunguze hadi iwe kama haipo."

"Chumvi tena!" alisema Kinyozi. "Wajukuu zangu husema babu amekula chumvi nyingi. Kumbe sasa ni zamu ya chumvi kunila mimi."

Muuguzi alicheka, kisha akamgeukia mkewe. "Mama, jiko ni lako. Utaweza?"

"Mwanangu," alisema Mama Kipimo, "mimi hulisha kiwanda kizima. Mume mmoja atanishinda?"

Muuguzi ndiye aliyemtajia kotimiri. Alimweleza kwamba chakula kisicho na chumvi humkimbiza mgonjwa mezani, na mgonjwa akishakimbia mezani huishia kibandani kula kwa kujificha. Kwa hiyo kinywa lazima kipewe kitu kingine cha kushughulika nacho: ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, na majani yenye harufu yake, hasa kotimiri, ambayo ni rahisi na huota popote.

Mama Kipimo aliijua kotimiri kwa miaka yote, lakini aliijua kama mtu anavyomjua jirani wa mtaa wa pili: salamu tu. Aliikata akainyunyiza juu ya chakula cha wakubwa wa kiwanda siku za ugeni, kama pambo. Sasa alianza kuisoma. Alinunua giligilani sokoni, maana mbegu za kotimiri ndizo hizo giligilani tunazosaga, na wengine mmea wote huuita dania. Akazisugua taratibu chini ya chupa hadi kila punje ikapasuka vipande viwili, kwa kuwa ndani ya punje moja mna mbegu mbili. Akaziloweka, akazipanda kwenye makopo ya rangi aliyoyatoboa chini, akayapanga nyuma ya nyumba mahali ambapo jua la mchana halifiki. Alishajifunza kwa hasara kwamba kotimiri ikipigwa na jua kali hukimbilia kutoa maua na kuacha majani yawe machungu.

Hakutupa kitu. Vikonyo alivitwanga pamoja na kitunguu saumu na tangawizi, akavitia mapema, kwa sababu kikonyo ni kigumu na harufu yake huvumilia moto. Majani aliyangoja. Aliyatia sufuria ikishateremshwa, akafunika, akahesabu pumzi chache, akafunua. Ukiyatia mapema yanakufa na kubaki rangi tu. Mizizi aliiosha vizuri akaichemshia supu. Mbegu alizikaanga kavu hadi zikanukia kama maganda ya chungwa, akazisaga, akanyunyizia maharage. Muuguzi alikuwa amemwambia kwamba majani mabichi yana vitamini za kutosha kuwashinda dada zao wengi wa bustanini, na kwamba watu tangu zamani wametafuna mbegu zake tumbo likijaa gesi. "Lakini sikiliza, mama. Haishushi presha kama kidonge. Kazi yake ni kusimama mlangoni ili chumvi isipite."

Kinyozi naye alipewa sehemu yake. Muuguzi alimtaka avifanyishe vidole kazi ndogondogo, na mkewe akamwekea ungo mapajani. Kila jioni jua likiwa bado lipo, alikaa kizingitini akachambua kotimiri, jani moja moja, kwa mkono wa kulia. Mwanzoni alirarua zaidi kuliko alivyochambua.

"Unaichambua au unaigombeza?" mkewe alimuuliza.

"Ninainyoa. Ila mteja huyu ana kichwa kibaya."

Na chakula alikipenda. Alichovya, akatafuna, akafumba macho. "Mke wangu, kumbe miaka yote hii chumvi ilikuwa inatudanganya! Majani haya yana maajabu." Mama Kipimo alitabasamu, kidevu kikapanda juu. Wifi yake, dada wa Kinyozi, mjane aliyekaa mtaa wa nyuma na kuingia nyumbani mwao bila kupiga hodi, alileta habari kutoka sokoni kwamba muuza dawa mmoja anapiga kelele kuwa kotimiri inatibu presha, sukari, figo na mume mkorofi.

"Mume mkorofi tunaye," alisema Mama Kipimo. "Tutamchemshia."

Walicheka. Lakini wauzaji wa namna hiyo hawachekeshi. Wanachukua kitu kizuri, chenye heshima yake, wanakivika uongo, na mgonjwa anatupa vidonge vyake jalalani kwa ajili ya maneno ya kipaza sauti. Jani lina sifa zake za kweli, nazo zinatosha. Anayeliongezea za uongo analitukana.

Waliporudi zahanati, muuguzi alimfunga Kinyozi mkononi mkanda wa kupimia presha, akaujaza upepo, akasikiliza. Akaujaza tena.

"Haijashuka," alisema. "Iko juu vilevile. Vidonge unameza?"

"Mbele ya macho yangu," alijibu Mama Kipimo.

"Basi kuna chumvi inaingia mahali."

Muuguzi hakumtazama mtu. Mama Kipimo alimtazama mumewe. Alimtazama kuanzia kwenye mvi hadi kwenye viatu, na katika mtazamo huo alikuwa amekwisha kumhukumu.

Njiani alitangulia mbele. Kinyozi alizungumza peke yake hadi maneno yakamwishia. Kesho yake, kabla ya zamu ya kantini, Mama Kipimo alikwenda dukani kwa mumewe akaanza msako. Alimhoji fundi baiskeli, ambaye mdomo wake haukupumzika kutafuna karanga za chumvi.

"Unampa mume wangu hizi?"

"Shemeji, mimi? Kinyozi ananiomba habari tu, karanga hajawahi."

"Kiapo cha mla karanga!"

Akaingia ndani. Akafungua droo ya mashine na vitana, akapapasa chini ya mto wa kiti, akainusa chupa ya spiriti. Akaliona kopo la poda. Akachovya kidole, akakiweka ulimini. Naam, yeye ambaye hakuwahi kuonja mchuzi wake mwenyewe, aliionja poda ya kinyozi mbele ya wateja wawili waliokaa kwenye benchi, akakohoa moshi mweupe.

Hakuna aliyecheka, kwa sababu Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama watoto," alisema polepole. "Umenitafutia chumvi kwenye poda?"

"Kama si huku, ni wapi? Mimi ninapika bila chumvi. Muuguzi anasema inaingia. Inaingia kwa miguu?"

"Kwa hiyo mimi mwongo."

"Sikusema hivyo."

"Hukusema. Umeonja." Alivuta mlango wa mabati ukalia. "Tangu nikuoe nimekudanganya mara moja tu, siku niliyokwambia ninajua kucheza muziki. Kuanzia leo usinipikie. Mwongo hujipikia mwenyewe."

Na alifanya alivyosema. Alinunua viazi, akavichemsha palepale dukani kwenye jiko la kuchemshia maji ya kunyolea, akavila na ndimu, basi. Jioni alirudi nyumbani, akasalimia kwa adabu, akakaa kizingitini kuchambua kotimiri kwa sababu vidole vilihitaji mazoezi, akampa mkewe ungo uliojaa, na hakugusa sahani. Mama Kipimo alikula peke yake. Ukitaka kujua mtu mwenye maneno mengi anapendwaje, nyamazisha nyumba yake kidogo uone. Alisikia hata tone la bomba. Usingizi ulimpaa, akiwaza jambo moja: huyu mtu anakufa kwa ukaidi wake, na mimi ndiye niliyeahidi.

Siku ya zahanati walikwenda pamoja, kila mmoja na upande wake wa barabara. Muuguzi akafunga mkanda, akasikiliza, akainua nyusi.

"Mzee! Imeshuka. Umefanya nini?"

"Nimekula viazi vya mwongo," alisema Kinyozi.

Hakusema kwa kejeli. Alisema kwa uchovu. Lakini njia nzima ya kurudi, maneno hayo yalimtembea Mama Kipimo kichwani kama mchwa. Duka ni lilelile. Fundi baiskeli ni yuleyule, na karanga zake. Vidonge ni vilevile. Kilichobadilika ni kimoja tu: mumewe aliacha kula chakula chake. Alijaribu kuipindua hesabu hiyo kila upande, na kila upande alikokwenda ilimkuta palepale. Lakini yeye hakutia chumvi! Alikuwa tayari kuapa. Mara ya pili, ile ya nyanya, aliiacha. Mara ya tatu, ile ya mwisho, aliiacha. Aliikumbuka kila siku alipoiacha, maana iliuma kama kuacha kusalimia.

Jumapili yake, wifi mtu alikuja akakuta kisu kinalia ubaoni. Aliketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, miguu ameinyoosha, tayari kwa maneno.

"Wifi, nasikia ulikula poda."

"Nasikia ulikuja kunisaidia kumenya."

"Nimekuja kukuangalia. Kaka yangu anakonda, na wewe unanenepa kwa hasira."

Mama Kipimo alimwaga mafuta sufuriani, akangoja, akamimina vitunguu. Vikalia. Akavigeuza kwa mwiko, huku akimweleza wifi yake kwamba kaka yake ana kichwa cha jiwe, na kwamba ukoo mzima wa upande huo ni mawe.

"Wifi," mwenzake alimkatiza. "Hicho nini?"

"Vitunguu. Hujawahi kuviona?"

"Ulichorusha."

"Sijarusha kitu."

"Umerusha. Umenyoosha mkono hapo kwenye kopo, ukarusha, ukaendelea kututukana."

"Acha utani wako!"

"Haya, fungua mkono."

Mama Kipimo aliufungua mkono ili amkomeshe. Akautazama. Kwenye mistari ya kiganja, ule wa meza moja na ule wa meza mbili, palikuwa na punje nyeupe zimeng'ang'ania jasho, zinametameta kwa mwanga wa dirishani.

Vitunguu vikaanza kuungua. Kisha akainua kiganja polepole hadi kinywani, akakilamba.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema; na kumbe pengine hakiko hata nguoni, kiko kwenye ngozi yenyewe. Mara ya pili aliiacha, ya tatu aliiacha, kwa sababu hizo kichwani mwake ziliitwa kutia chumvi. Ile ya kwanza haikuitwa hivyo. Iliitwa kulainisha vitunguu. Haikuwa hata yake, ilikuwa ya mkono. Na mkono ule ulikuwa umezoea sufuria ya kiwanda, konzi yake ikiwa konzi ya watu wengi. Kila jioni ulikuwa umemtilia mume mmoja chumvi ya meza nzima. Theluthi mbili ziliondoka, ladha ya chumvi ikafifia kidogo, wote wawili wakaamini ladha iliyobaki ni maajabu ya kotimiri.

Wifi mtu alizima jiko.

"Nimemwita mwongo," alisema Mama Kipimo.

"Kwani unangoja nini hapa?"

Hakuvua hata aproni. Alikatiza barabara, akapita kwa fundi baiskeli bila salamu, akaingia dukani. Kulikuwa na mwashi kwenye benchi akisoma gazeti, maana siku hizo wateja wa zamani walikuja kukaa tu, si kunyolewa. Nywele walizipeleka kwa kinyozi wa barabara ya pili, wakijitetea kwamba ni karibu na kazini. Kiti cha Kinyozi kilikuwa kitupu, na yeye alikuwa akikipangusa.

Angeweza kumwita pembeni. Lakini alikuwa amemtuhumu hadharani, na hakuwa mtu wa kulipa sirini deni la hadharani. Aliunyoosha mkono wa kulia mbele ya wote.

"Mwongo ni huyu," alisema. "Huyu hapa. Amekuwa akitia chumvi kwenye vitunguu kila siku na mimi sijui. Wifi amemkamata sasa hivi. Baba watoto, nisamehe. Nilikutafuta wewe kwenye droo, kumbe ni mimi niliyekuwa ninakuua."

Mwashi alilipandisha gazeti hadi likamfunika uso.

Kinyozi aliushika ule mkono. Akaugeuza, akaukagua kama anavyokagua wembe. Wake wa kulia ulikuwa unatetemeka kidogo, na mkewe akauhisi mtetemo huo hadi kwenye kiwiko.

"Mmoja haufanyi ninachouambia," alisema, "na mwingine unafanya usichouambia. Tumeoana vizuri." Kisha akaongeza: "Leo nitakula nyumbani. Lakini utaonja kwanza."

Kuonja kulimwia vigumu kuliko alivyodhani. Lakini kugumu zaidi kulikuwa kuuzuia mkono. Alilihamisha kopo la chumvi akaliweka juu ya kabati. Mkono ukaenda palepale lilipokuwa, ukashika hewa, na yeye akajisikia kama aliyekosa ngazi gizani, mapishi yote yakamchanganya. Akaufunga kwa kitambaa kama ukumbusho. Ukaenda na kitambaa chake. Alijigombeza kwa sauti, na wifi yake akasema sasa anagombana na viungo vyake kimoja kimoja.

Siku moja akauelewa mkono wenyewe. Aliliteremsha kopo, akamwaga chumvi yote, akaliosha, akalianika. Akatwanga vikonyo vya kotimiri na kitunguu saumu na ganda la ndimu, akavijaza humo, akalirudisha mahali pake pa siku zote, upande wa kulia wa jiko. Akaweka sufuria, akamimina mafuta, akamimina vitunguu, akaanza kuzungumza mambo mengine makusudi. Mkono ukaenda. Ukachota. Ukarusha. Jiko zima likanukia kijani, na mkono ukarudi umeridhika, kazi yake umeifanya. Mkono haufundishwi kwa hotuba. Hupewa kazi nyingine.

Hiyo ndiyo akili ninayoivulia kofia. Tumezoea kusifu watu wasiokosea. Wako wapi hao? Nionyesheni mmoja. Mimi ninamsifu mwanamke aliyejiona stadi maisha yake yote, akagundua kwamba kosa limo ndani ya ustadi wenyewe, akalitangaza huku amevaa aproni, kisha akaanza upya kama msichana wa kuosha masufuria. Na hakuishia nyumbani kwake. Alimwomba muuguzi afike kantini, wakakaa wote wawili, mmoja kwenye debe, mmoja kwenye gunia la mchele, wakakubaliana kupunguza chumvi ya kiwanda taratibu, ili ndimi zisishtuke. Makopo ya rangi ya kotimiri yakapangwa kando ya ukuta wenye kivuli. Wafanyakazi walinung'unika. "Mama Kipimo kazeeka," walisema, "kipimo kimeingia kutu." Aliwajibu kwamba yeye sasa anaonja, wenye malalamiko waje waonje naye. Walikuja, wakaonja, wakaomba kuongezewa.

Presha ya Kinyozi ilishuka, ikakaa. Vidonge aliendelea kumeza, kotimiri aliendelea kuchambua, na polepole majani yakawa yanatoka mazima, na vikonyo vikabaki uchi, safi kama vidole vya mtoto. Ila kiti cha dukani kiliendelea kuwa kitupu. Watu hawakuwa na ubaya. Walimpenda. Walikaa kwenye benchi wakacheka hadi machozi. Lakini kucheka ni jambo moja, na kumpa mtu shingo ni jambo jingine. Naye hakuwaomba. Alinoa wembe kila asubuhi, akaukunja, akauweka.

Mama Kipimo aliliona hilo. Alasiri moja alitoka kantini, akapita moja kwa moja hadi dukani akiwa bado ananuka vitunguu. Mwashi alikuwepo, fundi baiskeli alikuwa mlangoni na karanga zake. Akafungua kitambaa cha kichwa, akakikunja, akakaa kwenye kile kiti.

"Zimerefuka," alisema. "Zipunguze. Na huku nyuma shingoni nisafishe kwa wembe."

Fundi baiskeli aliacha kutafuna.

"Kuna mashine," alisema Kinyozi kwa sauti ndogo. "Mashine inatosha."

"Nimesema wembe."

"Mke wangu, mkono huu..."

"Ninaujua. Ninakula kazi yake kila siku, ndio unaochambua kotimiri."

"Basi nijaribu kwanza hapa pembeni, sikioni. Kidogo tu, uone."

Alimtazama kwenye kioo, upande usio na ufa. "Sufuria ninaonja siku hizi," alisema. "Wewe nilikuonja mara moja, nikala poda. Leo sionji. Nyoa."

Akainamisha kichwa, akampa shingo.

Akasikia wembe ukifunguka. Akasikia pumzi ya mumewe ikivutwa na kuzuiwa. Kisha chuma baridi kikagusa ngozi, kikateremka, kikainuka, kikateremka tena. Haukutetemeka. Mahali ulipofika kwenye mfupa ulipunguza mwendo wenyewe, ukapinda, ukapita. Na vile vidole vilivyoishika shingo yake isisogee vilinukia kotimiri.

Nyuma yao gazeti lilikunjwa.

"Mama akishuka," mwashi alisema, akipapasa kidevu chake, "mimi ndiye ninayefuata. Na kile kisa cha mbuzi wa benki hukukimaliza."